Kugawa lamda kwenye nyuzi za faiba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mafundi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi

Ukurasa huu ni kwa fundi au msimamizi wa mtandao ambaye tayari anajua kuunganisha faiba na kutumia kipima nuru, na sasa amepewa kazi ya kuamua nani apite kwenye lamda ipi. Mifano mingi imechukua mstari wa Kasumbalesa – Lubumbashi – Likasi – Fungurume – Kolwezi, kwa kuwa umbali wake unaleta karibu matatizo yote ya kazi hii.

## Mambo ya msingi

1. Lamda ni nini, na kugawa lamda maana yake nini?

Uzi mmoja wa faiba unaweza kubeba nuru nyingi kwa wakati mmoja zisichanganyike, mradi kila moja iwe na urefu wake wa wimbi. Urefu huo wa wimbi ndio mafundi wanauita lamda, nao hupimwa kwa nanomita (nm). Multipleksa hukusanya lamda zote upande mmoja na kuziingiza katika uzi, na multipleksa ya upande wa pili huzitenganisha, kila moja kwenye tundu lake. Benki inaweza kuwa kwenye lamda moja, mgodi kwenye nyingine, opereta wa simu kwenye ya tatu, na wote wakapita uzi uleule.

Kugawa ni kuamua mambo mawili kwa kila ombi: njia gani ipite, na lamda gani itumike kwenye njia hiyo. Maamuzi hayo yanategemeana. Anayechagua njia kwanza kisha kutafuta lamda baadaye ndiye hujikuta kwenye swali la 7.

2. Je, ni lazima kuomba kibali cha lamda kwa ARPTC (mdhibiti wa mawasiliano wa Kongo), kama tunavyofanya kwa masafa ya redio?

Hapana, si kwa lamda yenyewe. Masafa ya redio hugawiwa na mdhibiti kwa sababu mawimbi yanasambaa hewani na yanaweza kumharibia jirani. Nuru iliyo ndani ya kioo haitoki, kwa hiyo mwenye uzi anazigawa lamda zake mwenyewe. Leseni ya kuendesha mtandao au kuuza huduma ni jambo jingine, na hiyo inahusu ARPTC.

Kinachotuunganisha na wengine ni gridi ya ITU (Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano), yaani orodha ya masafa yaliyokubaliwa ili moduli (kifaa kinachotuma na kupokea nuru) ya kiwanda kimoja iingie kwenye multipleksa ya kiwanda kingine.

3. CWDM au DWDM: nichague ipi?

CWDM ina lamda 18, kuanzia 1271 nm hadi 1611 nm, zikipishana kwa nm 20. Nafasi ni pana, leza haihitaji kupozwa, na bei ni nafuu. Faiba ya zamani ina hasara kubwa karibu na 1383 nm kwa sababu ya unyevu uliobaki ndani ya kioo tangu kiwandani, ndiyo maana wengi hutumia zile 8 za juu tu, 1471 hadi 1611.

DWDM hubana lamda kwa hatua za GHz 100 (karibu nm 0.8) au GHz 50 (karibu nm 0.4). Kwa GHz 100 unapata lamda 40 na kidogo katika bendi ya C (1530 hadi 1565 nm). Kwa GHz 50 unapata 80 hadi 96.

Kwa kuunganisha majengo ndani ya mji, tuseme Kampemba hadi Katuba, na lamda zisizozidi 8, CWDM inatosha na hakuna sababu ya kulipa zaidi. Kwa Likasi, Kasumbalesa na mbele yake, nenda DWDM moja kwa moja. Sababu iko kwenye amplifaya: amplifaya ya kawaida ya erbiamu hukuza nuru ya 1530 hadi 1565 nm tu, na katika CWDM ni lamda mbili peke yake, 1531 na 1551, zinazoangukia humo. Nyingine zote hazikuzwi.

Aliyekwisha nunua CWDM hajapoteza. Tundu la 1551 linapitisha upana wa nm 13 hivi, kwa hiyo unaweza kuweka multipleksa ndogo ya DWDM nyuma yake na kupata lamda 8 zaidi bila kung'oa kitu. Hakikisha tu kuwa chaneli za multipleksa hiyo ziko katikati ya tundu, si pembeni.

4. Namba kama C21 au C34 zinatoka wapi?

Chukua 190, ongeza namba ya chaneli ukiigawa kwa 10, unapata masafa kwa THz. C21 ni THz 192.1, sawa na nm 1560.61. C31 ni THz 193.1 (nm 1552.52), na hiyo ndiyo nguzo ambayo gridi yote ya ITU inapimwa kutoka kwake. C34 ni THz 193.4 (nm 1550.12). Namba ikipanda, masafa yanapanda na urefu wa wimbi unapungua.

Angalizo: baadhi ya viwanda huhesabu matundu yao 1, 2, 3 hadi 40, na wengine huanzia upande wa pili. Kwenye gridi ya GHz 50 utaona pia H21, ambayo iko GHz 50 juu ya C21, yaani THz 192.15. Ndiyo maana daftari (swali la 11) liandikwe kwa THz. Jina la tundu liwe nyongeza tu.

5. Moduli imeandikwa 1550, multipleksa imeandikwa 1551. Zinaingiliana?

Kwa CWDM, ndiyo, ni kitu kimoja. Gridi ilisogezwa nm 1 mwaka 2003 na lebo za zamani zikabaki. Kwa DWDM nm 1 ni zaidi ya chaneli nzima, kwa hiyo moduli ya DWDM isiyoandikwa masafa yake kamili usiiweke.

6. Kwa nini kila mtu anang'ang'ania bendi ya C?

Kwa sababu ya mambo mawili yanayokutana hapo: kioo kina hasara ndogo kabisa karibu na 1550 nm, kama dB 0.20 hadi 0.22 kwa kilomita dhidi ya 0.35 hivi kwenye 1310, na amplifaya ya erbiamu inafanya kazi hapohapo. Bendi ya L (1565 hadi 1625 nm) hutumika bendi ya C inapojaa, lakini inataka amplifaya zake. Uzi mwingine ukiwa bado mtupu ndani ya kebo, washa huo kwanza. Ni nafuu kuliko bendi ya L.

## Kupanga mgao

7. Kila kipande cha njia kina lamda tupu. Mbona mfumo unakataa mteja mpya?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndiyo sababu ya ukurasa huu. Nuru haibadilishi rangi njiani. Lamda iliyotoka Lubumbashi kwa THz 192.1 ni lazima iwe tupu kwa THz 192.1 kwenye kila kipande hadi mwisho. Lamda tupu hazihesabiwi kipande kwa kipande. Zinahesabiwa toka mwanzo hadi mwisho wa njia.

Chukua mfano mdogo kabisa wa lamda mbili tu, C21 na C22. Mteja wa kwanza anaenda Lubumbashi – Likasi, umempa C21. Wa pili anaenda Likasi – Kolwezi, umempa C22. Sasa anakuja wa tatu, Lubumbashi hadi Kolwezi. Kipande cha kwanza kina C22 tupu. Kipande cha pili kina C21 tupu. Nafasi ipo kila mahali, na mteja hapiti.

Kosa lilifanyika kwa mteja wa pili. Hakuwa na kipande cha pamoja na wa kwanza, kwa hiyo naye angepewa C21, na C22 ingebaki safi kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi. Watu wengi hupenda kumpa kila mteja namba yake ya pekee ili "wasichanganyike". Katika faiba tabia hiyo ndiyo inayomaliza nafasi.

Ukishafika hapo, una njia mbili. Ya kwanza ni kumhamisha mteja wa pili kwenda C21, jambo linalotaka moduli inayoweza kubadilishwa lamda na muda wa kukatika aliokubali. Ya pili ni kuishusha nuru Likasi, kuigeuza umeme, na kuituma upya kwa lamda nyingine, yaani kuweka transponda mbili mgongo kwa mgongo. Inafanya kazi, ila unalipia vifaa, umeme na nafasi ya raki, na umeongeza mahali pa kuharibika.

8. Nianzie lamda ipi, na niendelee kwa utaratibu gani?

Panga lamda zote kwa namba, kisha kwa kila ombi chukua ya kwanza iliyo tupu njia nzima. Utaratibu huu ni mwepesi, hauhitaji programu yoyote, na matokeo yake hayako mbali na ya mbinu ngumu zaidi. Unajaza chini na kuacha juu pakiwa safi kwa ajili ya safari ndefu. Mbinu nyingine nzuri ni kuchagua lamda inayotumika zaidi tayari kwingineko kwenye mtandao. Inabana matumizi kwenye lamda chache. Mbinu ya kusawazisha, yaani kuchagua inayotumika kidogo zaidi, inaonekana ya haki lakini ndiyo inayotawanya vipande na kukupeleka kwenye swali la 7.

Ukiwa na maombi mengi kwa mpigo, kwa mfano unapoanza mtandao, usiyachukue kwa mpangilio yalivyoingia. Gawia kwanza yenye njia ndefu: Kasumbalesa – Kolwezi kabla ya Lubumbashi – Likasi. Mafupi yataingia kwenye mianya, marefu hayaingii.

Kuna hoja ya stoo pia. Kama moduli zako ni za lamda moja isiyobadilika, kila lamda inayotumika inataka ya akiba. Lamda nne zikirudiwa kwenye vipande vingi zinataka moduli nne za akiba. Lamda kumi na tano zinataka kumi na tano. Anayejua muda ambao mzigo unaweza kukaa Kasumbalesa ukingoja forodha ataelewa. Moduli inayobadilishwa lamda ni ghali zaidi, lakini weka angalau mbili stoo.

9. Kwenye duara la mji, tuna wateja wawili tu kwa kila kipande, lakini programu inadai lamda tatu. Ni kosa?

Si kosa. Kwenye mstari ulionyooka, lamda zinazohitajika ni sawa na idadi ya wateja kwenye kipande chenye msongamano zaidi, ukipanga vizuri. Kwenye duara sivyo. Chukua duara la Kampemba, Ruashi na Katuba, na wateja watatu, kila mmoja akipita vipande viwili na kuanza kwenye kituo tofauti. Kila kipande kina wateja wawili, lakini kila mteja anakutana na kila mwenzake mahali fulani. Hakuna wawili wanaoweza kutumia rangi moja, kwa hiyo ni tatu.

Tiba ni kuwageuza wote watatu wapite upande mfupi wa duara. Hapo kila mmoja anabaki na kipande chake kimoja, na lamda moja inatosha.

10. Kwa nini programu ya kupanga haitoi jibu bora kabisa kila mara?

Kwa sababu kuchagua njia na lamda kwa pamoja, kwenye mtandao wenye matawi, ni katika hesabu ngumu ambazo hazina njia ya haraka inayojulikana. Programu hutoa jibu zuri, si lazima lililo bora. Kwa mstari wa vituo vitano, penseli na karatasi yenye miraba vinatosha.

11. Daftari la lamda liwe na nini?

Mstari mmoja kwa kila lamda kwa kila kipande, ukiwa na: uzi na kebo, masafa kwa THz, upana wa nafasi kwa GHz, kituo cha kuingilia na cha kutokea pamoja na namba za matundu, namba ya mteja, nguvu iliyopimwa siku ya kuwasha, kwa kutuma na kupokea, na njia ya akiba kama ipo. Lamda iliyoahidiwa lakini haijawashwa iandikwe pia, na tarehe ya mwisho ya ahadi, la sivyo ahadi za maneno zitakula nusu ya gridi.

Mteja akiondoka, futa mstari siku moduli inapotolewa kwenye tundu, si siku mkataba unapoisha. Kati ya siku hizo mbili leza bado inawaka.

## Nguvu, amplifaya na umeme

12. Lubumbashi – Likasi inawezekana bila amplifaya?

Kwa DWDM ya kawaida ya Gbit/s 10, hapana. Hesabu ni hii, tukichukua kilomita 120 kama barabara. Kebo halisi huwa ndefu kidogo kwa sababu ya mizunguko ya akiba, kwa hiyo tumia kipimo cha OTDR (kifaa kinachopima uzi kwa nuru inayorudi) ukiwa nacho.

Kioo: 120 × 0.22 = dB 26.4. Viungo 30 vya dB 0.05: dB 1.5. Konekta: dB 1.0. Multipleksa mbili, dB 3 kila moja: dB 6. Jumla dB 34.9, na bado hujaweka akiba ya dB 3 kwa ajili ya marekebisho ya kebo miaka ijayo. Moduli inayouzwa kama ya kilomita 80 hutuma dBm 0 na kupokea hadi dBm −24. Una dB 24 mkononi.

Nguvu si tatizo pekee. Kioo cha kawaida cha G.652 hutawanya mpigo wa nuru kwa karibu ps 17 kwa kila nm na kila kilomita, hivyo kilomita 120 zinafika 2,040. Moduli hiyo huvumilia 1,600 hivi. Ukiongeza amplifaya bila kurekebisha mtawanyiko, kipima kitaonyesha nguvu nzuri na kaunta ya makosa itaendelea kupanda. Wengi hupoteza siku nzima wakisafisha konekta zisizo na uchafu.

Mpangilio unaofanya kazi: amplifaya moja Lubumbashi baada ya multipleksa, ikitoa dBm +4 kwa lamda. Nuru inafika Likasi ikiwa dBm −24.9. Amplifaya ya kupokea ya dB 22 inaipandisha hadi −2.9. Kirekebisha mtawanyiko cha kilomita 80 kinakula kama dB 8, multipleksa dB 3, na moduli inapokea kama dBm −14, katikati ya kiwango chake. Usiunganishe bila kirekebisha hicho wala kipunguza nuru: moduli za aina hii huanza kulemewa kwenye dBm −7, na kipokezi chake kinaweza kuungua.

Kwa moduli za kohirenti (zinazobeba data ndani ya awamu ya nuru), kirekebisha mtawanyiko hakihitajiki. Kichakataji ndani ya moduli kinafanya kazi hiyo kwa hesabu. Tazama swali la 18 kabla ya kuzichanganya na za zamani.

13. Tuliwasha lamda mpya na za zamani zikadhoofika. Kwa nini?

Amplifaya ina kikomo cha nguvu ya jumla. Ya dBm +17 ikibeba lamda 40 inaipa kila moja dBm +1. Zikiwa 80, kila moja inapata −2. Zikiwa 8 inaweza kutoa +8 kwa kila moja, ambayo ni nyingi mno kwa kioo, na lamda zinaanza kuharibiana zenyewe. Weka amplifaya kwenye hali ya kukuza kwa kiwango kisichobadilika, si hali ya kutoa nguvu isiyobadilika, na tangu siku ya kwanza panga kiwango kwa idadi ya lamda utakayofikia, si uliyonayo leo.

14. Umeme wa SNEL ukikatika kituo kimoja, kwa nini wateja wa vituo vingine wanapata makosa?

Kama lamda 10 kati ya 12 zinaingilia kituo kile, zote zinazima kwa mpigo. Mbili zilizobaki zinarithi nguvu yote kwa muda mfupi hadi amplifaya ijirekebishe, na vipokezi vinalemewa. Betri ndiyo kinga ya kwanza: raki ya nuru na amplifaya ziwe kwenye DC ya volti 48 yenye betri za kufunika muda hadi jenereta iwake na zaidi, kwa maana jenereta nayo hukataa kuwaka. Kinga ya pili ni ya mgao: usirundike lamda zote kwenye kituo chenye umeme mbovu kuliko vyote.

15. Hatua za kuwasha lamda mpya bila kuwagusa walio hewani ni zipi?

1. Kagua daftari kipande kwa kipande, kisha thibitisha kwa kifaa cha kuchunguza lamda. Daftari likisema tupu na kifaa kikaonyesha nuru, amini kifaa.
2. Tazama kila konekta kwa hadubini, safisha, tazama tena. Kwenye nguvu ya amplifaya, vumbi linaungua na kushikamana na kioo, na kusafisha hakusaidii tena.
3. Pima nguvu na masafa ya moduli ikiwa peke yake, kabla haijaingia multipleksa. Kipima cha kawaida hujumlisha nuru yote. Baada ya multipleksa hakitakuambia lolote kuhusu lamda moja.
4. Ingiza kwa nguvu ya chini, ukitumia kipunguza nuru, kama dB 10 chini ya majirani. Pandisha dB 1 kwa mara, ukitazama kaunta za makosa za lamda za jirani.
5. Simama inapofika ndani ya dB 1 ya majirani zake. Rudia kipimo kwenye kila kituo cha amplifaya, kwani tofauti ndogo Lubumbashi huwa kubwa ikifika Kolwezi.
6. Acha kaunta ya makosa ihesabu saa 24 kabla ya kumkabidhi mteja, kisha andika nguvu zote kwenye daftari.

Usichungulie kamwe mwisho wa uzi. Nuru hii haionekani, na dBm +17 ni mW 50.

## Inapoharibika

16. Nitajuaje kama tatizo ni la lamda moja au la uzi mzima?

Zikianguka zote, ni kebo, amplifaya au umeme. Kwenye barabara ya Likasi fikiria kwanza machimbo ya mitaro, wezi wa shaba wanaokata kebo yoyote wanayoiona, na moto wa porini wa kiangazi kwa kebo ya juu ya nguzo. Ikianguka moja, ni moduli, kebo fupi ya raki au tundu lake la multipleksa.

Zikidhoofika zote lakini zile ndefu (kuelekea 1565 nm na zaidi) zaidi ya fupi, tafuta mahali kebo imekunjwa. Mkunjo huvuja nuru ndefu zaidi ya fupi: pima OTDR kwa 1310 na kwa 1625, na tukio linaloonekana kubwa kwenye 1625 na dogo kwenye 1310 ni mkunjo, mara nyingi ndani ya boksi la viungo. Kiungo kibaya huonekana karibu sawa kwenye zote mbili.

OTDR ya 1550 isiingizwe kwenye uzi wenye DWDM hai. Tumia 1625 au 1650 kupitia tundu la kupimia.

17. Lamda inapotea mchana na kurudi usiku. Inawezekana?

Ndiyo. Leza isiyopozwa husogea karibu nm 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. CWDM ina upana wa kuvumilia hilo. DWDM haina, ndiyo maana leza zake zina kipoza ndani. Kipoza hicho kikichoka, au kibanda kikipita joto la moduli mwezi wa Oktoba, lamda inateleza hadi ukingo wa tundu lake. Ukisoma joto na mkondo wa kipoza kwenye moduli yenyewe, utaiona dalili kabla haijakatika.

## Kesi za pembeni

18. Naweza kuchanganya lamda za Gbit/s 10 za zamani na za kohirenti za Gbit/s 100 kwenye uzi mmoja?

Unaweza, lakini zitenge. Lamda za zamani huwaka na kuzima, na mipigo hiyo huvuruga awamu ya nuru ya jirani, ambayo ndiyo kohirenti inabeba data ndani yake. Weka za zamani upande mmoja wa bendi, za kohirenti upande wa pili, na kati yake chaneli kadhaa tupu. 3 au 4 za GHz 100 ni mwanzo mzuri. Virekebisha mtawanyiko vilivyobaki njiani vinazidisha tatizo. Kwa hiyo ukianza gridi leo, jaza Gbit/s 10 kutoka C21 kwenda juu na uanze kohirenti kutoka juu kushuka.

19. Lamda ya Gbit/s 400 inataka nafasi gani?

Kwa kawaida GHz 75 au 100. Haiingii kwenye tundu la GHz 50. Gridi nyumbufu ya ITU hukata upana kwa vipande vya GHz 12.5, na katikati ya lamda husogezwa kwa hatua za GHz 6.25. Sharti la swali la 7 linabaki, na linaongezeka jingine: vipande vyake vyote viwe vinafuatana. GHz 50 hapa na GHz 25 pale haviungani kuwa 75. Tenga sehemu ya bendi kwa ajili ya nafasi pana tangu sasa, hata kama mteja wake hajaja.

20. Nina uzi mmoja tu. Nitumeje na kupokea?

Lamda moja kwa kwenda na nyingine kwa kurudi, kwa hiyo gridi yako inagawanyika nusu. Kwa kiungo kimoja rahisi kuna jozi za 1310/1490, 1310/1550 au 1270/1330. Kumbuka moduli za ncha mbili hazifanani, na akiba iwe ya aina zote mbili.

21. Wateja wa faiba ya nyumbani wanaweza kushiriki uzi na CWDM?

GPON, teknolojia ya kawaida ya faiba ya nyumbani, inashuka kwa 1490 na kupanda kwa 1310. XGS-PON, ya kasi zaidi, inashuka kwa 1577 na kupanda kwa 1270. Hizo mbili zimepangwa ziishi pamoja kwa kichujio cha kuziunganisha. CWDM ikitaka kuingia humo iepuke 1271, 1311, 1491 na 1571, na vichujio viwe na utenganisho mzuri. Kusema kweli, ukiwa na uzi wa pili, tenganisha.

22. Mteja wa mgodini anataka kuleta vifaa vyake na kutumia lamda yetu tu. Tukubali?

Kubali kwa maandishi yanayotaja masafa, upana, nguvu ya juu anayoruhusiwa, na haki yako ya kuizima ikivuruga wengine. Weka kipunguza nuru kinachodhibitiwa na wewe kwenye tundu lake la kuingilia. Bila hicho, fundi wake akibadilisha moduli usiku kwa yenye nguvu zaidi, utajua kwa simu za wateja wengine.

23. Njia ya akiba iwe na lamda ileile?

Si lazima, kama moduli inabadilishwa lamda au akiba ina moduli yake. Ikiwa unatumia swichi ya nuru inayogeuza uzi tu, basi lamda ileile iwe tupu kwenye njia zote mbili, na daftari liionyeshe kama imekaliwa kwenye zote mbili.

Kilicho muhimu zaidi ya lamda ni kebo. Nyuzi mbili ndani ya kebo moja si njia mbili, wala kebo mbili kwenye mtaro mmoja au nguzo zilezile. Mteja wa Kolwezi akilipia akiba, muulize mwenye kebo ramani ya mtaro, na uitembee walau sehemu za kutokea mjini na za kuvuka madaraja, kwa kuwa hapo ndipo kebo za makampuni tofauti hukutana kwenye bomba moja.